Mtutu Laini wa Baba

Jumapili, tarehe 3 Machi

Kwako mdogo wangu Dakika,

Salamu sana. Sisi huku hatujambo, mimi na binti yangu Kimya. Cherehani zote mbili zinafanya kazi, ile ya kanyagio inalalamika kama kawaida yake. La kusema ni moja tu: msumari uko mtupu.

Unajua vizuri ni msumari gani. Ule wa koridoni, juu ya kabati la vitambaa, ambapo bunduki ya upepo ya Baba ilitundikwa miaka minane mfululizo, mpaka mwaka jana ulipokuja wewe na bahati yako ya mtende ukanishinda kwa kishale kimoja. Kimoja, Dakika! Tena kile kilichoshika juu ya mstari, na Kimya kwa huruma zake akakuandikia alama.

Kila nikipita pale mkono unakwenda wenyewe kugusa kitako cha bunduki, nagusa ukuta. Naumia, nakwambia kweli. Baba alipoinunua kwenye kile kibanda cha shabaha kilichokuwa kinafungwa, ilikuwa tayari kikongwe, na bado inapiga. Nataka irudi nyumbani. Na itarudi siku ya mashindano yetu ya kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, saa kumi alasiri, hatua kumi na nne kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye ubao, kama siku zote.

Karatasi ya Baba bado imebandikwa ukutani. Nakukumbusha kwa sababu wewe ukishinda mara moja unasahau sheria. Vishale tu, risasi marufuku. Usifyatue ikiwa tupu. Mafuta ni tone moja kwenye washa ya ngozi inayoziba upepo, si mawili. Na ile ya chini kabisa aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: Asiyekuwepo na lake halipo. Anayekosa kufika siku hiyo hana bunduki, hata awe na udhuru wa dhahabu.

Nimekutumia vishale kumi na viwili vya mazoezi. Mikia ya nyuzi nimeifunga upya kwa mkono wangu, ya samawati kama kawaida yako. Vyekundu ni vyangu, vinakusubiri huku. Kimya anakusalimu. Alisema "mwambie salamu" halafu akanyamaza, unamjua. Atashika daftari la alama kama kila mwaka.

Dada yako anayekupenda na atakayekushinda,
Sindano

*

Jumanne, tarehe 12 Machi

Dada, shikamoo.

Kifurushi kimefika saa nne na dakika ishirini, nikiwa nimeifungua saa ya mteja, vipande thelathini na moja mezani. Nikaviacha hapohapo nikafungua chako kwanza. Sasa uniambie, samawati gani hii? Tisa ni kahawia na vitatu ni vyeusi. Kama ndiyo fasheni mpya huko nyumbani, mimi sina neno, ila usinivishe msiba kabla hujanishinda.

Bunduki ni nzima. Ninaihudumia. Nimeichunguza kwa lenzi yangu ya kazini na nimegundua jambo ambalo nyote mlilikosa, pamoja na Baba, Mungu amrehemu. Sisemi zaidi. Mwezi wa sita wewe utashika mdomo kwa mshangao.

Mwambie Kimya anoe penseli.

Mdogo wako, bingwa wa korido,
Dakika

*

Jumanne, tarehe 12 Machi

Kwa Fundi Kereza, karakana ya vyuma,

Habari za kazi. Mimi ni yule fundi saa uliyemkerezea mhimili wa saa ya ukutani mwaka juzi, na mpaka leo haijachelewa hata dakika moja.

Nina bunduki ya upepo ya marehemu baba yangu. Dada yangu ameitunza miaka minane na anaipenda kama mtoto wa tumboni. Nimechungulia ndani ya mtutu kwa lenzi ninayotumia kwenye saa ndogo za kike. Fundi, hakuna mfereji hata mmoja! Ndani ni laini kama glasi. Bunduki zote nilizowahi kuzichungulia zina mifereji inayozunguka, ndiyo inayonyoosha risasi. Kwa hiyo hii yetu imelika mpaka ikaisha, na sisi watu wazima tumekuwa tukishindana kwa bomba la maji.

Naomba uiwekee mtutu wenye mifereji mizima. Ule wa zamani fanya nao utakavyo. Nataka kumshangaza Dada: hata akinishinda, na huwa ananishinda, achukue bunduki iliyopona. Iwe siri yetu.

Fundi mwenzako,
Dakika

*

Tarehe 2 Aprili

Fundi Saa,

Kazi tayari. Mtutu nimeutoa kwenye bunduki iliyovunjika kitako, mifereji yote mizima. Umekaa barabara.

Neno moja. Nimekereza chuma miaka ishirini na sita. Kitu kikilika, kinalika upande. Huu wako ulikuwa laini sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini mwenye mali ndiye mwenye kauli, mimi nina mashine tu.

Ule wa zamani umeshapata kazi nyingine.

Kereza

*

Jumatatu, tarehe 15 Aprili

Dada, shikamoo.

Ninakurudishia vishale uvifunge upya. Sitaki kukuvunja moyo, lakini mikia yako siku hizi haiko sawa.

Nimepima chumbani kwangu hatua kumi na nne zilezile, mlango wazi mpaka barazani. Kishale cha kwanza kilikwenda kwenye kalenda kikatoboa mwezi wa nane. Cha pili kikaingia mlango wa kabati. Cha tatu kilipiga ubao kwa ubavu kikaanguka chali. Cha tano sijakiona mpaka leo, na sasa natembea na viatu ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mkono ni uleule, jicho ni lilelile, bunduki ni nzima kuliko ilivyowahi kuwa. Kilichobadilika ni mikia. Labda uzi ni hafifu, labda una kazi nyingi.

Kwa hiyo unavyopokea ni kumi na kimoja. Tafadhali, safari hii kwa umakini.

Dakika

*

Jumatano, tarehe 24 Aprili

Dakika!

Salamu baadaye. Umakini? Mimi? Nimefunga mikia ya vishale tangu nikiwa na meno ya utoto, Baba akinishikia taa, leo wewe uniambie umakini?

Nimevishika vishale vyako kimoja kimoja nikavipitisha kwenye kidole gumba. Mikia yote imesokotwa upande mmoja, kama nywele zilizoanza kusukwa zikaachwa. Na kwenye shaba ya mwili wa kishale, ukucha wangu unakwama kwenye mikwaruzo ya mshazari, yote inazunguka kuelekea kulia. Kishale kinachotoka kwenye mtutu wa Baba hutoka mkia umenyooka na shaba safi. Umeingiza nini mle ndani? Na usiniambie hujui, nimekulea.

Sikia, fundi wa saa. Ulichungulia kwa lenzi yako ukauona laini, ukadhani umelika, sivyo? Mtutu ule haukulika. Ulizaliwa laini! Uliundwa hivyo kwa ajili ya vishale. Mifereji ni ya risasi, ili izunguke hewani. Kishale hakina haja ya kuzungushwa, mkia wake ndio unaokinyoosha, na ukikipitisha kwenye mifereji mkia unachanika na mtutu unaharibika. Baba alipenda hivyo kwa sababu kishale unakichomoa ubaoni unakipiga tena, kinadumu miaka. Alitueleza yote siku ya kwanza alipoileta. Mimi nilikuwa nasikiliza. Wewe ulikuwa chini ya meza unaifungua saa yake ya mkononi.

Mtutu wa Baba uko wapi? Usipourudisha mahali pake kabla ya mwezi wa sita, usije. Na usipokuja, kalamu nyekundu unaijua.

Sindano

*

Jumatatu, tarehe 29 Aprili

Fundi Kereza,

Nimekwisha! Haukulika. Ulizaliwa laini. Wewe ulijua, na mimi sikusikia. Nirudishie mtutu wangu leo, hata kabla ya kuweka barua hii chini. Uko wapi? Kazi gani hiyo uliyoupa?

Dakika

*

Tarehe 3 Mei

Fundi Saa,

Pana tatizo. Uko kwa mama mkwe wangu. Umeshika pazia la dirisha la jiko lake.

Nilimpelekea kama zawadi, nimeung'arisha, nimeutia vifuniko vya mbao huku na huku. Akanisifu mbele ya watu. Nina miaka kumi na moja ya ndoa, na hiyo ndiyo sifa yangu ya kwanza. Mimi kwenda kuuchukua, sahau. Hata dirisha lenyewe sithubutu kulitazama.

Nenda mwenyewe. Nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya karakana yangu. Bisha hodi kwa adabu. Usinitaje.

Kereza

*

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Dada, shikamoo.

Nakiri yote. Mimi ni mjinga mwenye lenzi. Niliona laini nikadhani imekwisha, nikamtafuta mkereza vyuma akaiwekea mtutu mwingine, nikataka nikuletee kama zawadi. Ilikuwa zawadi, Dada, naapa. Nilitaka utakaponishinda uchukue kitu kizima. Na nilipoona vishale vinakwenda ovyo nikakusingizia wewe kwa sababu sikutaka kujilaumu mimi.

Mtutu wa Baba nimeupata ukiwa fimbo ya pazia jikoni kwa mama mkwe wa fundi. Usicheke. Mama yule alinikalisha kwenye kigoda akanitazama kuanzia viatu. Nilipomwambia nimekuja kuchukua fimbo ya pazia lake, akaniuliza, "Kwenu hakuna madirisha?" Nikamweleza habari za Baba, za korido, za msumari. Akasikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa, halafu akasema, "Kwa hiyo wewe ulitupa cha baba yako, na mkwe wangu akanizawadia mimi kilichotupwa." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikumtaja fundi, lakini nadhani fundi amekwisha.

Hakunipa siku hiyo. Alisema nirudi na fimbo nyingine, ya mbao, iliyopakwa rangi ya kufanana na dirisha. Nikarudi nayo. Akasema na saa yake ya ukutani imesimama tangu mjukuu wa kwanza azaliwe. Nikaitengeneza. Kumbe na redio. Nikaitengeneza na redio, mimi fundi saa! Siku ya tatu akapanda kiti mwenyewe, akautoa mtutu, akaufuta kwa upindo wa nguo yake, akasema, "Mpe dada yako. Mwambie ulikuwa mahali pasafi." Nimeurudisha kwenye bunduki kwa mikono yangu. Nimepiga kishale kimoja tu, nilichoazima. Kimekwenda pale nilipokituma, mkia umenyooka.

Sasa zamu yako, Dada.

Barua yako ya mwisho ina herufi kubwa kama za bango la kinyozi, na mistari miwili imepandana. Wewe uliyenichapa vidole nikiandika nje ya mstari! Uliniambia samawati, zikaja kahawia na nyeusi, nikacheka. Sikupaswa kucheka. Na ile mikwaruzo hukuiona, uliikamata kwa ukucha. Mtu mwenye macho hutazama kwanza ndipo ashike. Tangu lini huoni? Naogopa, nakwambia waziwazi. Nina lenzi tano mezani na hili lilinipita.

Usinifiche. Mficha maradhi kilio humfichua.

Dakika

*

Jumapili, tarehe 19 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Nilikasirika mpaka ulipofika kwenye habari za kigoda, hapo nikacheka mpaka Kimya akaniletea maji. Mama yule nampenda bila kumwona. Nimekusamehe, lakini hadithi hii utaisikia kwenye kila mkusanyiko wa ukoo mpaka uzeeke.

Haya, umenikamata. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia zaidi. Ulianza kama ukungu wa dirishani, nikawa nafuta miwani wee, ukungu hautoki. Nikawa nachukua uzi kwa kukumbuka mahali: kopo la tatu samawati, la nne nyeusi. Kimya akapanga upya makopo, basi, nikapotea. Mwalimu mkuu ana suruali nyeusi niliyomshonea mguu mmoja kwa uzi wa kijani. Alikuja kunishukuru! Nadhani naye akapimwe.

Barua zako ananisomea Kimya. Nilimwambia miwani imevunjika. Akasema "haya" wala hakuuliza tena. Nahisi alijua kabla yangu. Za kwako naandika mwenyewe kwa ubishi tu, ndiyo maana mistari inapandana.

Sasa nikuambie la mwisho, ukasirike ukitaka. Daktari wa macho huja hospitali kuu mara moja kwa mwaka. Jina langu liko kwenye orodha. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, asubuhi. Ndiyo, siku hiyohiyo, na kutoka hapa ni safari ya kutwa. Siendi. Nitangoja mwaka mwingine. Nisipokuwepo koridoni saa kumi bunduki imekwenda, na sheria ya Baba siwezi kuivunja, wewe unanijua. Ubao nauona kama mwezi ulioingia wingu, lakini zile hatua kumi na nne zimo miguuni mwangu. Nitapiga kwa mazoea. Na usinihurumie! Ukinipa alama ya bure, nitaisikia.

Dada yako,
Sindano

*

Ijumaa, tarehe 24 Mei

Dada,

Kama wewe huendi hospitali, basi na mimi siji kwenye mashindano. Na kama mimi siji, utapiga na nani, na cherehani?

Nimeifikiria karatasi ya Baba kwa dakika arobaini kamili. Inasema asiyekuwepo na lake halipo. Haisemi linakwenda kwa nani. Tukikosa wote wawili, hakuna aliyepoteza kwa mwenzake. Sheria haijavunjwa, imekaa tu bila wateja. Baba angecheka, halafu angekubali.

Mpango wangu ni huu. Nafika Alhamisi na bunduki. Naitundika kwenye msumari wake, nawe unagusa kitako chake kabla ya safari. Ijumaa asubuhi tunapanda basi mimi na wewe. Kimya abaki na wateja. Macho kwanza, bunduki baadaye. Bunduki tuliikuta, tutaiacha. Dada ninaye mmoja.

Usinibishie. Mara moja tu maishani mwako, niache mimi niwe mkubwa.

Dakika

Kimya, mwanangu, najua ni wewe unayeisoma hii. Mfungie mama yako mkoba hata akikataa. Na mstari huu usiuruke.

*

Jumapili, tarehe 2 Juni

Mama, Mjomba, shikamooni.

Natumaini huko hospitali bandeji ya jicho imetoka. Mjomba amsomee Mama barua hii kwa sauti na asiruke mstari. Mimi sikuruka wake.

Nyumbani salama. Suruali ya mwalimu mkuu nimeifumua mguu wa kijani nikaushona kwa nyeusi. Alisema alipenda ilivyokuwa.

Jana saa kumi kasorobo nilifungua mlango wa jikoni, nikasimama mahali pangu na daftari, kama kila mwaka. Saa kumi kamili nikamwita Mama. Hakuitika mtu. Nikamwita Mjomba. Hakuitika mtu. Nikaandika: hawapo. Nikaisoma karatasi ya Babu yote mpaka kwenye kalamu nyekundu. Mjomba alisema sheria haisemi linakwenda kwa nani. Ni kweli. Lakini mimi nilikuwepo.

Mama, miaka tisa nimeandika alama za watu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka kupiga. Nilikuwa nataka. Tangu mwaka wa kwanza.

Nikatia mafuta tone moja. Nikaukunja mtutu kuitia bunduki upepo, mgumu kuliko unavyoonekana mnapoukunja nyie. Nikachukua vishale vyekundu vya Mama. Vitatu vya mwanzo vilikwenda ukutani, nitaziba matundu. Cha nne kikashika ubao. Cha tisa kikakaa katikati kabisa, katikati ya katikati, nikapiga kelele mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani amefariki. Alishangaa zaidi kusikia kuwa aliyepiga kelele ni mimi.

Alama thelathini na saba. Si nyingi. Ila nyinyi mna sifuri, maana hamkuwepo.

Kwa hiyo bunduki ni yangu mpaka mwakani. Mkiitaka, njooni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, saa kumi alasiri. Msichelewe. Nitahitaji mtu wa kushika daftari.

Mama, pona. Nyumba kubwa bila wewe, na makopo ya nyuzi nimeyarudisha yalivyokuwa.

Kimya

*

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mwanangu Kimya,

Mjomba wako alifungua barua yako, akakohoa, akakaa vizuri anisomee. Nikamnyang'anya. Nimeisoma mwenyewe. Kwa jicho la kulia, maana la kushoto zamu yake ni kesho, neno kwa neno, kisha nikairudia. Nililia kidogo, daktari akanigombeza. Nikamwambia haya ni machozi ya furaha, akasema jicho halijui tofauti.

Mjomba wako anasema umetuibia mchana kweupe. Nimemwambia vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru mwenyewe tumemlea wenyewe. Anataka kukata rufaa. Tangu asubuhi anaigeuzageuza sheria ya Baba kichwani anatafuta pa kushika, hapaoni. Kwa kweli amefurahi kuliko mimi, amemsimulia kila mgonjwa wa wodi hii, na kila akisimulia alama zako zinaongezeka. Sasa umefika hamsini na mbili.

Lakini mstari mmoja umenichoma. "Hakuna aliyewahi kuniuliza." Ni kweli, mama. Niliweza kuusoma mtutu kwa ukucha kutoka mbali kote huko, na wewe uliyekuwa hatua moja kutoka kwangu, umeshika penseli, sikukusoma. Hilo si la mtoto wa jicho. Nisamehe.

Vile vishale kumi na kimoja vya mjomba wako nilivificha mkobani ulipokuwa ukinifungia. Nje ya lango la hospitali kuna duka la nyuzi. Nimekaa kitandani jana na leo nimevifunga mikia mipya. Mjomba wako alisimama pembeni akinielekeza rangi, nikamwambia akae chini. Ni samawati. Nimeipeleka dirishani nikaitazama mwenyewe, samawati kabisa. Hivyo ni vyako. Mjomba wako mwakani atapiga vya kahawia, amekwisha kuvizoea. Na kile cha kumi na mbili bado kinamsubiri sakafuni kwake.

Fanya mazoezi. Mwakani sitakuhurumia hata kidogo, nitakuwa na macho yote mawili.

Tunafika Jumapili. Yale matundu matatu ya ukutani usiyazibe kwanza. Nataka kuyaona.

Mama yako,
Sindano